Nani Atabebwa?

Ninyi walimu mnaokaa karibu na watu vijijini, nawaomba mlisome neno hili kwa uangalifu, maana wagonjwa nitakaowataja mwawajua kuliko mimi.

Mtu mwenye afya haikumbuki pumzi yake. Avuta hewa yapata mara elfu ishirini kwa siku, mchana na usiku, wala hahesabu. Lakini katika kila mtaa wa nchi yetu ya Unyamwezi yuko mtu ahesabuye. Asubuhi utamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameitegemeza magotini, midomo ameikusanya kama mtu apulizaye kaa la moto. Kulala chali amekwisha kuacha. Kutoka kitandani hata mlangoni kwake ni safari ya siku mbili, na akifika hujishika nguzo akangoja. Majirani husema ana pumu. Wengine husema amerogwa. Na zahanati imempima kifua kikuu mara tatu, haikukiona. Huyu ndiye nitakayesema habari zake. Tena nataka kuuliza swali moja ambalo ni la kale katika njia hii yetu ya misafara: mtu akiishiwa na pumzi njiani, ni nani apaswaye kubebwa, na mzigo wake achukue nani?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe, kwa kuwa asiyejua ugonjwa hawezi kuhukumu dawa. Mapafu ya mtu si mifuko miwili mitupu kama viriba. Yafanana zaidi na sega la nyuki, na sisi watu wa nchi ya miyombo twalijua sega. Ndani yake mna vyumba vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, na kuta za vyumba hivyo ndizo mahali ambapo hewa njema huingia katika damu na hewa iliyotumika hutoka. Basi moshi ukiingia siku kwa siku, miaka thelathini au arobaini, kuta hizo huliwa. Vyumba kumi huwa chumba kimoja kikubwa kilicholegea. Waganga huuita ugonjwa huo emfisema. Na ajabu yake ni hii: mgonjwa hasumbuliwi na kukosa hewa ya kuingia, bali na hewa ya zamani isiyotaka kutoka. Pafu lililolegea halijikunji tena lenyewe. Hubaki limevimba, likaisukuma chini ile misuli itupumishayo, likalibana na lile pande la pafu ambalo bado ni zima. Mgonjwa avuta hewa juu ya kifua kilichojaa tayari. Jaribuni kuvuta pumzi nyingi, kisha bila kuitoa vuteni nyingine. Mtajua kidogo jinsi alivyo.

Moshi huo watoka wapi? Kwa wengi duniani watoka katika sigara. Kwa wengi wa kwetu, na zaidi kwa wanawake, watoka katika mafiga matatu. Wako tena waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu, na wako wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa upande wa Nzega, waliomeza vumbi la mawe. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Morogoro na kutangazwa mwaka 2018 ulikuta kwamba kama mtu mzima mmoja katika sita alikuwa na njia za pumzi zilizoziba kwa namna isiyofunguka tena. Shirika la Afya la Dunia limehesabu kwamba ugonjwa huu katika namna zake zote uliua watu zaidi ya milioni 3 duniani katika mwaka 2019, na wengi sana wa wale wafao kabla ya miaka 70 ni wa nchi kama zetu.

Sasa habari ya dawa. Zamani, mgonjwa wa namna hii alipokuwa amefika mwisho, hapakuwa na la kumfanyia ila kumpa hewa ya chupa na maneno mema. Katika miaka ya 1950 mganga mmoja wa Baltimore huko Marekani, jina lake Otto Brantigan, alifikiri neno ambalo kwanza laonekana kama upumbavu: kwamba mtu mwenye pumzi chache atapumua vema akikatwa sehemu ya mapafu yake. Alikata lile pande lililovimba na kuharibika, ili pande zima lipate nafasi. Wengine walipona wakatembea. Lakini waliokufa walikuwa wengi mno, na kazi ile ikaachwa. Joel Cooper aliifufua katika miaka ya 1990. Ndipo wakaona vema kuijaribu kwa hesabu ya kweli, wagonjwa 1,218, nusu wakikatwa na nusu wakitunzwa kwa dawa tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: katika siku 90 za kwanza walikufa karibu 8 katika kila 100 waliokatwa, na mmoja hivi katika 100 wasiokatwa. Lakini wale ambao ugonjwa wao ulikuwa katika mapande ya juu, na ambao nguvu zao zilikuwa zimepungua sana, walipata faida kubwa wakikatwa.

Basi waganga wakauliza, je, haiwezekani kulifunga lile pande bovu bila kisu? Hiyo ndiyo asili ya vilango. Mgonjwa hulazwa usingizi, mrija mwembamba wenye taa na jicho hupitishwa kinywani, ukashuka katika njia za hewa. Na kwa mrija huo mganga hupanda vilango vidogo, mara nyingi vitatu hata vitano, katika matawi yanayokwenda kwenye pande lililoharibika. Mmeona mgono wa kuvulia samaki, jinsi samaki aingiavyo asiweze kutoka? Kilango hiki ni mgono uliogeuzwa: hewa hutoka, haingii. Kidogo kidogo pande bovu hunywea kama kibofu kilichofunguliwa, na pande jema hupata nafasi ya kutanuka. Hapana mbavu iliyofunguliwa wala uzi wa kushonea. Marekani iliruhusu vilango vya namna hiyo mwaka 2018.

Wazee waliokaa karibu na Kibong'oto, ile hospitali ya kifua kikuu iliyofunguliwa huko Kilimanjaro mwaka 1926, hawatashangaa sana. Kabla ya dawa ya streptomaisini kupatikana mwaka 1943, tiba kuu ya kifua kikuu duniani ilikuwa wazo la Mwitalia Carlo Forlanini, aliyelitoa mwaka 1882: kutia hewa kwa sindano kati ya pafu na ubavu, ili pafu gonjwa linywee lipumzike. Kumbe ni wazo lile lile, kwamba mara nyingine pafu husaidiwa kwa kufungwa. Wala hili si neno la pembeni, maana hatari kubwa ya vilango hivi vipya ni kwamba hewa hiyo hiyo, ambayo Forlanini aliitia kwa makusudi, huingia bila kuitwa na kulikunja pafu zima.

Hapa nataka kukaa kidogo. Watu husema matibabu haya ni ya jeraha dogo. Ni kweli kwamba jeraha ni dogo, hata halionekani. Lakini udogo wa jeraha si udogo wa hatari, na maneno haya mawili yamekwisha kuchanganywa katika vinywa vya wauzaji. Katika jaribio lililoifanya Marekani itoe ruhusa, watu 128 walitiwa vilango. Karibu nusu yao, baada ya mwaka mmoja, walikuwa na nguvu ya pumzi iliyoongezeka kwa kiasi cha kuonekana, na hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye mlango wa nyumba yake ni mwisho wa dunia. Lakini 34 walipata ile hewa ya nje ya pafu katika siku 45 za kwanza, na wanne walikufa katika siku hizo. Tena wote walikuwa wamechaguliwa kwa uangalifu sana. Ilibidi vipimo vionyeshe kwamba pande bovu limetengwa na jirani yake kwa ukuta mzima, kwa kuwa ukuta ukiwa na matundu, hewa hupita kwa mlango wa nyuma na kilango hakina kazi. Na wavutao sigara hawakupokewa hata wawe wameacha kwa miezi minne.

Kwa nini nawaeleza haya yote? Kwa sababu katika mtaa mmoja niliokaa, upande wa Urambo, nilikaribishwa kwenye shauri la jamaa. Baba wa nyumba alikuwa mkulima wa tumbaku tangu ujana wake, na sigara ilikuwa haitoki kinywani mwake mpaka alipokosa pumzi ya kuivutia. Mwana wake wa kwanza, afanyaye kazi Dar es Salaam, alikuwa ameona katika simu habari ya vilango, akaja na shauri la kuuza ng'ombe kumi na wawili na shamba la bondeni ili baba apelekwe India. Ndugu zake walikubali mara moja. Nani atathubutu kuwa yule mtoto aliyepima pumzi ya baba yake kwa ng'ombe? Mzee alisikiliza, kisha akasema polepole, akikata maneno ili kuvuta hewa: “Wanangu, nashukuru. Lakini mmeniambia bei ya safari. Hamjaniambia kama mlango wangu ni wa namna ipi.”

Lilikuwa neno la hekima kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Maana vilango vyafaa kwa emfisema ya namna fulani tu. Mtu ambaye mapafu yake yameharibiwa na makovu ya kifua kikuu, au ambaye moshi wa kuni umeziba matawi ya hewa bila kula sana vyumba vyenyewe, mara nyingi hana pande la kufungwa. Huyo akiuza ng'ombe zake atarudi na mapafu yale yale na zizi tupu. Kwa hiyo nawaambia walimu: jamaa wakija kwenu na shauri la namna hii, msiwavunje moyo, wala msiwasukume. Waambieni wamwulize daktari maswali mawili kabla ya kuuza hata kuku: je, ni emfisema, na je, pande bovu limetengwa? Kupima kwagharimu, lakini kwagharimu kidogo kuliko kutumaini bure.

Nikiwa ningali pale, mwinjilisti mmoja aliyekuwa pamoja nami alininong'oneza, “Baba Mchungaji, huyu ameichoma nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe. Je, ni haki watoto wafilisike kwa kuchota maji?” Najua wengi wafikiri hivyo, ingawa hawasemi. Nilimjibu kwamba kwetu nyumba ikiwaka hatuulizi kwanza ni nani aliyeacha kibatari wazi. Twakimbia na ndoo, na shauri hufanywa kesho. Lakini jibu hilo halitoshi, maana neno lake lina ukweli ndani yake, nami sitaki kuupita. Waganga wenyewe humlazimisha mgonjwa kuacha sigara. Je, si kumhukumu? Naona si hukumu. Ni sawa na fundi akataaye kupaka chokaa ukuta ambao mvua ingali yaupiga. Humkatazi mtu dawa kwa sababu alikosa jana. Wamwambia tu kwamba dawa haiwezi kufanya kazi katikati ya moto. Tofauti hii ni nyembamba, lakini ni kubwa. Anayesema “acha, ndipo tukusaidie” amemfungulia njia. Anayesema “ulivuta, basi ufe” amejifanya mwamuzi, tena mwamuzi asiyeita mashahidi wote. Maana tukianza kupima nani alistahili kuugua, hapana budi kumwita shahidani na yule aliyemwuzia tumbaku, na yule aliyemfundisha kuilima, na aliyepokea kodi yake. Na baraza hilo litakuwa na watu wengi kuliko uwanja wetu wa mikutano.

Walakini katika shauri lile lilikuwapo jambo ambalo halikusemwa na mtu, nalo lilinitia uzito kuliko yote. Muda wote tuliokuwa tukizungumza, mama wa nyumba alikuwa jikoni nyuma ya ukuta akitupikia, na nilimsikia akikohoa. Kikohozi chake kilikuwa kile kile cha mumewe. Alikuwa amepika kwa kuni miaka arobaini na mitano, na wakati wa kukausha tumbaku alikesha kwenye tanuri kwa zamu pamoja na wanawe. Hakuvuta sigara hata moja maishani. Hapana aliyetaja ng'ombe kwa ajili yake. Hapana aliyewaza kwamba naye ana mapafu. Na si kwamba watoto wale hawampendi mama yao, wampenda mno. Ila kikohozi cha mama kilikuwa kimekuwa kama sauti ya nyumba, kama mlio wa bawaba, ambao wakaaji hawausikii tena.

Nilipokuwa nikirudi nilikumbuka habari ya mgonjwa mwingine wa mapafu aliyepita njia hii. Mwanzo wa Januari 1869, magharibi ya Ziwa Tanganyika, Dkt. David Livingstone alilowa mvua na maji ya mto Lofuko, akashikwa na homa ya mapafu. Kifua kilimwuma, alikohoa usiku na mchana, hata akashindwa kutembea. Dawa zake zilikuwa zimeibwa tangu mwaka 1867. Aliyemwokoa ni Mohamed bin Gharib, mfanya biashara wa pembe na watumwa. Yeye alimpa dawa alizokuwa nazo, akawaamuru watu wake wamchukue kitandani mpaka ziwani, na kutoka hapo kwa mtumbwi mpaka Ujiji, wakafika katikati ya Machi. Tembe alilokaa baadaye huko Kwihara, karibu na mji wa Tabora, mwaka 1872, watu bado hulitembelea.

Sasa linganisheni. Wapagazi wetu Wanyamwezi walichukua frasila mbili mabegani kutoka bara hata Bagamoyo, na vitabu vya wasafiri wa wakati ule vyasimulia jinsi mpagazi aliyeugua alivyowekwa chini ya mti na kuachwa. Mzigo wake uligawanywa kwa wenziwe, maana pembe na vitambaa vilikuwa na bei. Mwenyewe hakugawanywa kwa mtu. Si kwamba wenziwe walikuwa na mioyo ya mawe; kambi ya maji ilikuwa mbali, na msafara haukuweza kusimama. Lakini kitanda cha kumbebea mgonjwa kilikuwa kinajulikana, na mabega yalikuwapo. Yalibeba pembe. Hata leo, tusemapo kwamba nchi maskini haina uwezo wa kuwabeba wagonjwa wa mapafu, yafaa kutazama kwanza mabega yamebeba nini.

Watu wa serikali watanijibu kwa hesabu, na hesabu yao ni ya haki. Watasema kwamba fedha ya kumpeleka mgonjwa mmoja ng'ambo, na ya vilango, na ya kukaa hospitali, yaweza kununua majiko bora kwa kijiji, na majiko hayo yatazuia wengi wasiugue. Nakubali. Mtu aliyekabidhiwa hazina ya watu wote apaswa kuhesabu hivyo. Serikali ya Tanzania ilianzisha Mei 2024 mkakati wa miaka kumi, kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi, na kama yatatimia hata nusu yake, mapafu yatakayookolewa ni mengi kuliko yote yatakayowekewa vilango Afrika nzima. Lakini hesabu ya mtunza hazina si hesabu ya mwana mbele ya baba yake. Mtunza hazina asiyehesabu ni mwizi. Mwana ahesabuye mno ana kasoro nyingine. Tena nimegundua jambo moja la kuchekesha kwa uchungu: wale wasemao kwa sauti kuu kwamba majiko ni bora kuliko vilango, mara nyingi hawajanunua jiko wala kilango. Hutumia jema moja kulikimbia jema la pili, wakabaki bila yote mawili.

Na kati ya hayo mawili iko njia isiyosemwa sana, kwa sababu haina mashine ya kupigwa picha. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, waliwakusanya watu waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu mabovu, wakawazoeza mara mbili kwa juma kwa wiki sita: kutembea, kuinuka na kuketi, kuinua vitu vizito kiasi, na kufundishwa jinsi ya kupumua na kuutunza mwili. Habari zilitangazwa mwaka 2017. Mapafu yenyewe hayakurudi kuwa mapya, lakini miguu na moyo vilijifunza kutumia vema hewa ile chache, nao wakaweza kutembea mbali zaidi, na maisha yao yakawa mepesi. Kazi hiyo yataka mwuguzi aliyefundishwa, uwanja, na viti. Uwanja na viti tunavyo katika kila usharika, navyo hukaa bure siku sita katika saba.

Limebaki neno la tumbaku yenyewe, ambalo nimelikawiza kwa kuwa ni gumu. Serikali ya Waingereza ilipojaribu kulima karanga kwa matrekta huko Urambo, tangu mwaka 1947, na mradi ule ukaanguka mwaka 1951, tumbaku ndiyo iliyoshika nafasi yake. Tangu siku hizo Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui zimekula kwa tumbaku ya mvuke. Shule za watoto wetu zimelipwa kwa tumbaku. Halmashauri hupata ushuru wake, na kwa ushuru hujenga madarasa na zahanati, zile zile ambazo watu wenye vikohozi huketi kwenye mabenchi yake. Na sikukuu ya mavuno tukihesabu sadaka, sehemu kubwa ya noti zile hunuka jani. Tanzania ilithibitisha mwaka 2007 mapatano ya mataifa juu ya kuzuia tumbaku, na ndani yake imo ahadi ya kuwasaidia wakulima wapate zao jingine. Wakulima wetu wangali wakiingoja, huku chama cha msingi kikiwaletea mbolea ya mkopo kwa ajili ya tumbaku.

Wako wanaosema, basi, kanisa liikatae sadaka hiyo. Sioni hivyo. Mjane aletaye noti yake ya tumbaku hakuchagua zao lake katika orodha ndefu, na kumrudishia mkononi mbele ya watu ni kumtwika yeye peke yake lawama ya nchi nzima. Lakini wako na wale wasemao kwamba, kwa kuwa twala kwa tumbaku, imetupasa kunyamaza. Hao nao siwezi kuwafuata, na hapa namrudia yule mgonjwa wa mwaka 1869. Livingstone alibebwa na watu wa mfanya biashara ya watumwa, akala chakula chake, akamshukuru, wala hakuona haya kuandika kwamba alitendewa wema. Hata hivyo hakununuliwa. Julai 1871 aliona kwa macho yake mauaji ya watu sokoni Nyangwe, akaandika kila alichoona, na Stanley akayachukua maandiko yake Ulaya. Maneno hayo yaliwachochea Waingereza, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kulifunga soko la watumwa la Unguja. Angeweza kusema, watu hawa waliniokoa, nitawezaje kunena? Alinena, tena bila kumtukana aliyembeba.

Naona sisi twaweza kufanya vivyo hivyo katika kipimo chetu. Twaweza kupokea sadaka ya mkulima, na katika ibada ile ile kuwaambia vijana ukweli wa sigara kwa majina na hesabu zake. Twaweza kuuliza halmashauri, kwa adabu na kwa maandishi, ni shilingi ngapi za ushuru wa tumbaku zilizokwenda kwenye mashine za kupimia pumzi, au mashine za kutengeneza hewa ya oksijeni, ambazo tangu majaribio ya miaka ya 1980 na 1981 inajulikana kwamba humwongezea maisha mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa oksijeni, akizitumia saa 15 au zaidi kwa siku. Swali hilo si uasi. Jani lililochangia kuwapa watu ugonjwa lina deni kwao, na mwenye kuuliza habari ya deni hajamtukana mtu.

Mtapenda kujua jamaa ile walifanya nini. Mzee alipimwa. Alikuwa na emfisema, lakini picha ilionyesha ukuta wenye matundu, hivyo vilango havikumfaa, na shamba la bondeni halikuuzwa. Waliuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya vipimo, na wa pili kwa ajili ya dawa za kuvuta na nauli. Binti yao mdogo, baada ya kusikia maswali niliyowaandikia, aliuliza mbele ya ndugu zake mbona mama hajapimwa, na kulikuwa kimya kirefu. Naye akapelekwa. Jiko lake sasa lina dirisha kubwa na bomba la moshi, na juu ya mafiga limewekwa jiko la gesi, ingawa asema maharage ya gesi hayana ladha, na siku gesi ikiisha hurudia kuni. Mwana wao wa pili amelima tena ekari tatu za tumbaku msimu huu, kwa kuwa deni la mbolea lingalipo. Mabani yatawashwa Januari, na mtu mmoja atahitajika kukesha na moto usiku.